Tawi Lililokatwa Nusu

Hai Cinema, Juba
Januari, siku moja kabla ya safari yako

Ndinda wangu,

Umetoka sasa hivi na jirani yetu Mama Keji kwenda soko la Konyo Konyo kutafuta shuka na ndoo ya shule. Nimekuona ukifunga lango polepole kwa mikono miwili, kama mtu anayetoka nyumba yenye mgonjwa. Tangu Oktoba unafunga milango hivyo. Mna saa tatu kabla ya kurudi, na mimi nina saa hizo hizo za kuandika. Nimekaa meza ya jikoni, na nje namsikia Lado akipiga randa kifuniko cha sanduku lako.

Sitakuandikia habari za kuanika neti, wala kuweka pasi yako ya kusafiria mahali pakavu, wala kutokunywa chai ya njiani pale mpakani Nimule. Mama mdogo Syombua atakukumbusha hayo mpaka uchoke. Nina jambo moja tu. Umebeba kifo cha Haboba, mama yake Lado, mgongoni mwako miezi mitatu, na si chako. Ni changu. Nitakwambia yote, pamoja na yale usiyoyajua, na nataka uwe nayo kwa maandishi ya mkono wangu, kwa sababu najijua. Maneno ya mdomo naweza kuyapunguza kesho nikiona sura ya mtu imebadilika. Karatasi utakuwa nayo wewe.

Nianze na nyumba. Nilipofika Juba, mwaka wa pili baada ya mkataba wa amani, nilipata kazi ya kusimamia udobi katika hoteli ya makontena kando ya mto, na nililala kontena moja na wanawake watano. Ulipomaliza darasa la nane nilitafuta nyumba ili uje tuishi pamoja. Nilionyeshwa tatu. Hii ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, ukuta una ufa na choo kimeinama, lakini niliichukua kwa ajili ya mti. Wewe unajua Mwingi kulivyo. Mtu aliyekulia kwenye jua lile akiona kivuli kinachofunika baraza zima, hapimi tena kitu kingine. Tena ulikuwa mwarobaini. Mama yangu alituchemshia majani yake kwa homa, kwa vipele, kwa minyoo, kwa kila kitu. Niliona nimepewa duka la dawa kando ya ukuta. Ulikuwa umesimama hatua mbili tu kutoka ukutani, na sikujiuliza ule ufa ulitoka wapi.

Mti huo ndio ulioniletea Lado, kwa hiyo unaelewa kwa nini sikutaka uguswe. Mzizi uliinua kizingiti cha mlango wa nyuma, mlango ukakataa kufunga, jirani akaniitia seremala. Alikuja na pikipiki, akainama, akapitisha kidole chini ya ubao, akaniangalia na yale macho yake.

"Mlango hauna kosa, mama," alisema. "Ni mti unataka kuingia."

Ndinda, nilicheka kama msichana wa kidato cha kwanza. Nilikuwa mjane wa miaka tisa, nilishasahau kwamba sauti ya mwanamume inaweza kuingia ndani ya mtu kama chai ya moto asubuhi ya baridi. Alikuja kurekebisha mlango ule mara nne, na mara tatu haukuwa na shida yoyote. Wewe ndiye uliyesema, ukiosha sufuria bila hata kugeuka, "Mama, huyu fundi anatengeneza mlango ama anatengeneza harusi?" Nilikurushia kitambaa, lakini nilifurahi umesema, maana kumbe hata mtu mwingine alikuwa anaona.

Ninaandika haya nikiona aibu, kwa sababu furaha yangu haijapungua. Nimeolewa wiki sita, na bado nikisikia pikipiki yake langoni najipaka mafuta mikononi haraka haraka kama ananijia kuchumbia. Ananiletea embe moja, si mbili, anasema moja tutagawana. Sijawahi kupendwa hivi. Nakwambia ili ujue nilikuuza kwa bei gani. Si kwa sababu nilikuwa nateseka. Ni kwa sababu nilikuwa na furaha na niliogopa kuipoteza.

Wewe uliona mapema. Uliona kwanza ule ua wa bogenvilia dirishani kwako, ulivyokua mpaka chumba kikawa giza saa sita mchana na mbu wakawa wanashinda humo. Ulinionyesha gamba la nyoka kwenye kizingiti cha dirisha, jembamba kama soksi ya mtoto. Nilikwambia maua yale yatapendeza kwenye picha za harusi, tutayapunguza baadaye. Haboba alipokuja mara ya kwanza kuniona, aliyaangalia akacheka na meno yake mawili, akasema kule Khartoum walikokaa wakati wa vita yanaitwa jahanamia, maua ya jahanamu. Nilidhani ni mzaha mzuri. Nilimhadithia kila mtu kazini.

Halafu ukaona lile tawi. Lilikuwa nene kama kiuno changu, limelala juu ya baraza lote, na upepo ukivuma lilikwaruza mabati usingizi ukaisha. Uliniambia Julai. Uliniambia Agosti. Septemba ulichoka kuniambia, ukaenda mwenyewe soko la Custom ukarudi na Candia, yule fundi wa kukata miti wa kutoka Arua, Uganda, mmepakiana kwenye boda boda na msumeno wake umefungwa gunia. Nilikubali kwa sababu alikuwa ameshafika. Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili.

Hiyo Jumamosi unaikumbuka, lakini nataka ujue mimi pia naikumbuka, kila neno. Candia alikuwa juu ameketi kama kwenye baiskeli. Wewe ulikuwa chini umeshika kamba ile ya buluu.

"Mama, mimi iko naanza chini," alisema kutoka juu. "Kidogo tu. Halafu nageuka nakata juu. Bila hivyo tawi inaanguka inachuna ngozi mpaka mwili ya mti."

Nilisikia msumeno. Unga mweupe wa mti ulinimwagikia kwenye nywele. Ndipo simu ikalia, Lado, sauti imejaa furaha: "Nimemchukua mama leo leo. Kule kwake Munuki joto linamsumbua, hakuna kivuli. Lisaa limoja tuko hapo." Tulikuwa tumepanga afike Jumatatu.

Niliangalia baraza. Majani kila mahali, matawi madogo chini, mwanamume mwenye jasho juu ya mti. Mama mkwe anaingia kwa mara ya kwanza kukaa kwangu, akute uchafu, akute jua limepiga mahali alipoahidiwa kivuli. Nikamwambia Candia ashuke.

"Mama, kata iko nusu."

"Utamaliza bukra. Nina wageni."

Bukra. Lilikuwa neno langu la kwanza la Kiarabu cha hapa. Nililisikia kila mahali, kwa fundi wa jenereta, kwa mwenye nyumba, kwa mtu wa maji. Ni kesho, lakini linaweza kuwa wiki ijayo, linaweza kuwa kamwe, na hakuna anayekasirika. Nililipenda. Lilinisaidia kukataa bila kuonekana nimekataa. Ukiwa huko shuleni utapata neno lako la namna hiyo, kila mtu analo. Ukilisikia likitoka kinywani mwako, simama uangalie unakwepa nini.

"Mama, hii kitu nimejeruhi tayari," Candia alisema. "Upepo ikikuja, itashuka."

"Upepo wa wapi? Angalia juu, hata wingu hakuna."

Na wewe ukasema, kwa upole, "Mama, yeye ndiye fundi."

"Na wewe tangu lini umekuwa fundi? Kafagie."

Hata hivyo mlinifanyia jambo la busara bila kuniuliza. Candia alifunga ile kamba kwenye tawi, akaipitisha kwenye panda ya juu, akakurushia ncha, ukaifunga kwenye nguzo ya baraza. Alishuka akaivuta kwa uzito wake wote, akacheka. "Huyu msichana amefunga kama ya kufunga ng'ombe. Hii haiendi mahali." Kisha akanigeukia, na hakucheka tena. "Lakini mtu asilale chini yake, mama. Mpaka mimi nimerudi."

Nilisikia. Masikio yangu ni mazima.

Sasa nafika pale usipopajua.

Unaamini fundo lako lilifunguka. Najua unaamini, kwa sababu mara mbili nimekukuta umekaa barazani na kamba ya nguo, unafunga nguzo, unavuta, unafungua, unafunga tena. Mara zote mbili nilirudi ndani. Ndinda, fundo lako halikufunguka. Nililifungua mimi.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Wewe ulitangulia kanisani kwa sababu ya kwaya. Haboba alitoka nje, akaigusa ile kamba iliyokatisha barazani, akaniuliza, "De sunu?" Hii ni nini? Nikaona aibu kumwambia mama mkwe kwamba nimemshusha fundi katikati ya kazi ili yeye akute nyumba nzuri. Nikamjibu ni kamba ya nguo. Kisha, maadam nilishasema ni ya nguo, ikawa haina maana yoyote kuwa pale, imepita juu ya mahali pazuri kuliko pote, palipo na baridi, mahali pa kuweka kitanda chake. Nilianza kulifungua fundo. Lilinichukua muda mrefu. Nilivunja ukucha. Nilikasirika hata, nikajiuliza mtoto huyu alijifunza wapi kufunga hivi. Lilipoachia, niliikunja kamba nikaitupa juu ya mabati isionekane. Nikavuta ile angareb, kitanda chake cha kamba alichotoka nacho Khartoum, nikakiweka chini ya tawi. Yeye akanishika shavu. Nikavaa viatu vyangu vipya nikaja kanisani, nikakaa nyuma, na wakati mnaimba nilikuwa nawaza keki. Uliporudi ukaikosa kamba nguzoni, ukadhani imefunguka yenyewe; nilikuacha udhani hivyo, nikakwambia Candia ataifunga akirudi.

Tena kuna lingine. Candia alirudi. Watu wamesema hakurudi, na wewe pia unadhani alitusahau. Alirudi Jumatatu asubuhi na msumeno wake, wewe ukiwa shuleni. Nilimkuta langoni nikienda kazini. Haboba alikuwa amelala, usiku alikuwa amekohoa. Nilimwambia bukra. Aliangalia juu kupita bega langu, nadhani alikuwa anaitafuta kamba, lakini nilikuwa nimeshafunga lango.

Jumanne ulibaki nyumbani kumwangalia Haboba. Upepo ule ulikuja kabla ya saa saba, ule unaotangulia mvua, na kule hotelini ulituangushia shuka zote kwenye matope. Nilikuwa naziokota nikilalamika ulipopiga simu. Hukulia. Ulisema tu, "Mama, siwezi kulinyanyua." Nilikuuliza nini, ukasema tena, "Siwezi kulinyanyua peke yangu." Mpaka leo nasikia hivyo, peke yangu.

Nilifika na boda boda. Majirani walikuwa wameshalisogeza tawi, Haboba wamemlaza kwenye mkeka, na karanga alizokuwa anabambua zilikuwa zimesambaa kila mahali, zingine zimelowa mvua. Alikuwa bado anapumua. Ulikuwa umemshika kichwa na mikono yako ilikuwa imechunika viganja vyote viwili kwa gome la mti. Na mimi, mwanangu, kitu cha kwanza nilichoangalia hakikuwa Haboba, wala hakikuwa wewe. Niliangalia nguzo. Niliangalia kama kuna mtu ameiona haina kamba. Hili sijawahi kulisema hata kwa Mungu, maana hata nikiomba nalipita.

Alifariki kabla ya jioni.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Mzee Wani, mjomba wake Lado, alisimama chini ya mti na wanaume wanne. Unajua mwenyewe ni mtu asiyepandisha sauti. Alionyesha mahali tawi lilipotoka. Nusu ya chini ilikuwa imenyooka, safi kama meza. Nusu ya juu imechanika, nyuzi zinaning'inia.

"Upepo hauna msumeno," alisema. "Nani alikuwa hapa?"

Mama Keji akasema ni yule Mganda wa Custom. Mmoja wa vijana akaanza kutafuta ufunguo wa pikipiki. Wote tulijua wanakokwenda, na tulijua Candia angerudi vipi, kama angerudi. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai. Lado alikuwa kando yangu, amekonda kwa siku tatu, na alikuwa ameegemeza bega lake kwangu mbele ya watu wote, kitu ambacho wanaume wa hapa hawakifanyi. Nilihisi joto lake kupitia shati. Nikasema moyoni, nikifungua mdomo sasa, bega hili litaondoka.

Wewe ndiye uliyetoka jikoni. "Fundi hana kosa," ulisema. "Alitaka kumaliza. Aliambiwa ashuke."

"Na nani?"

Uliniangalia. Haikuwa muda mrefu. Sijui ulikuwa unanisubiri au unaniaga. Kisha ukasema, "Na mimi. Na kamba nilifunga mimi, ikafunguka."

Ungejua nilichohisi ungenichukia. Nilihisi nimepona. Sinia halikutikisika hata kidogo. Mzee Wani alikuangalia muda mrefu, akasema, "Basi. Ni mtoto," na wale vijana wakakaa. Uliokoa maisha ya Candia pale, Ndinda. Wewe wa miaka kumi na saba, na uongo ambao nusu yake uliuamini. Mimi nilikuwa na ukweli mzima mdomoni, nikamimina chai.

Baada ya hapo unajua. Hakuna aliyekutukana. Walikuja tu kwenye matanga, ukawapelekea maji, wakapokea glasi wakaziweka chini zikiwa zimejaa. Kila mara. Mpaka ukaacha kupeleka. Lado hakukusema vibaya hata siku moja, lakini alikuwa anakuita biniya, msichana wangu, na tangu siku ile anakuita kwa jina lako. Maombi ya arobaini yalipokwisha tukafunga ndoa, ndogo, bila maua, na wewe ulikaa kwenye benchi la nyuma na watu wa mwisho. Nilikuwa na gauni la rangi ya maziwa. Nilikuwa mrembo, watu walisema. Wiki iliyofuata ukaniuliza kama mama mdogo Syombua anaweza kukupokea umalizie shule kwake. Nikajibu haraka mno. Nilisema ni wazo zuri, shule za kule ni bora. Uliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa risiti.

Lado alikuja kumalizia kazi ya mti ule Desemba, wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamepungua. Nilikaa barazani nikimwangalia, nikimpenda. Alianza na matawi membamba ya pembeni, akapunguza uzito kwanza. Kila tawi alilifunga kabla ya kuligusa. Alikata chini kidogo, kisha juu mbele zaidi, likaanguka, kisha akarudi kukata kile kisiki cha tawi taratibu karibu na shina, bila kuliingia shina lenyewe, ili mti uweze kufunga kidonda chake. Hakushuka hata kunywa maji mpaka tawi aliloanza limefika chini. Ule ua wa dirishani kwako aliukata mpaka magotini akauacha umbali wa mkono mzima kutoka ukutani. Jua likaingia chumbani kwako. Ulikuwa umeshaanza kupanga nguo.

Nilimuuliza mti ungekatwa lini ndipo isiwe kazi kubwa namna hii. Akafikiria. "Ulipokuwa mnene kama kidole gumba," alisema. "Mtu angeutoa kwa mkono, angemaliza kabla chai haijapoa." Alikuwa anasema mti. Mimi nilikuwa nahesabu nyuma. Ile Jumapili Haboba aliponiuliza ile kamba ni nini, ulikuwa kidole gumba. Ningejibu kweli, ningeona haya kwa dakika tano.

Sina mengi ya kukufundisha, nilifika kidato cha nne tu na nusu ya nilichosoma nimesahau. Lakini hili nimelilipia, na nimekulipisha wewe. Kitu kibaya kwangu hakikuwa kupenda mti, wala kupenda mwanamume. Ni kwamba kila nilipofika katikati ya jambo gumu nilishuka, nikaenda kuwapokea wageni. Ukienda mbali nami usinifuate katika hilo. Na ukiona mtu unayempenda ameshuka katikati, usimalizie kwa kujiweka wewe chini ya tawi. Ulilonifanyia lilikuwa kubwa kuliko mimi, na sikulistahili, na sitaki umfanyie mtu mwingine tena, si mume, si rafiki, si mtoto wako.

Nimeiacha kalamu kwa muda, nimetoka nje.

Nilikuwa nimepanga kukupa barua hii uisome kwenye basi. Nilipofika hapo juu nikaona hiyo ni bukra nyingine. Nikaenda kwa Lado. Alikuwa amepiga magoti anatia bawaba kwenye sanduku lako. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana ningekaa ningetafuta maneno laini. Nilimwambia nani alimshusha Candia. Nilimwambia Jumatatu langoni. Nilimwambia kamba.

"Kamba?" alisema.

"Nilifungua mimi. Jumapili kabla ya kanisa. Ndipo nikaweka kitanda cha mama yako pale."

Aliendelea na skrubu aliyokuwa nayo. Aliizungusha mpaka mwisho, halafu akaizungusha tena ikiwa haiendi popote. Kisha akaweka bisibisi chini.

"Mtoto anajua?"

"Hajui. Anadhani ni fundo lake."

Alifunika uso kwa mikono yake miwili, na mabega yale yakatetemeka, na mimi sikuthubutu kumgusa. Mwishowe akasema, bila kutoa mikono, "Miezi mitatu nimekula chakula chake na sikumwangalia usoni." Nilimwita jina. Akasema, "Hapana. Ngoja."

Nikangoja. Kuku wa jirani walipita kati yetu. Alipoinuka alikuwa na sauti ya mtu mwingine.

"Mjomba anakuja saa kumi na moja, yeye na wale wengine, kumuaga mtoto. Utamwambia hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Umesimama. Mbele ya Ndinda. Mimi sitakusaidia hata neno moja."

"Na sisi, Lado?"

Aliangalia juu, pale mti ulipoanza kufunga kidonda. "Leo si siku ya sisi," alisema. Akaokota bisibisi akarudi kwenye sanduku lako, kwa sababu kesho alfajiri unaondoka na halijaisha.

Kwa hiyo sijui, mwanangu. Sijui kama kesho jioni nitakuwa na mume. Nilipoandika mwanzo wa barua hii nilikuwa bibi harusi wa wiki sita, na sasa naandika nikiwa mtu nisiyemjua vizuri. Bado nampenda mwanamume yule. Lakini wakati nilipokuwa nasema kamba, nilisikia kitu mgongoni kikishuka, na nikajua ndicho ulichokuwa umenibebea.

Barua hii uichukue hata baada ya kunisikia kwa masikio yako. Siku mtu yeyote wa upande huu akikutana nawe, Nairobi, Kampala, popote, akalitaja jina la Haboba na la kwako pamoja, mpe aisome. Nimeandika jina langu kamili chini.

Lango limelia. Nakusikia wewe na Mama Keji, mnacheka kitu kuhusu ndoo, na nyuma yenu sauti ya Mzee Wani anauliza kama amewahi mno. Lado anawapangia viti. Hutaki kupita mbele yao, najua, utazungukia mlango wa nyuma kama kawaida yako.

Usizunguke. Natoka sasa. Nitakuita kwa sauti, na ukifika, simama karibu nami au simama mbali, utakavyo, ila usikie.

Mama yako,
Beatrice Kalunde